Usiniambie Niunge Dairekti

Kila msimu wa kusafisha mashamba ya miti huku Mafinga, napigiwa simu na watu tofauti wenye ombi lilelile: "Fundi, chipa imegoma. Njoo uniungie dairekti, vibarua wamekaa." Anayepiga ana haki ya kuwa na haraka. Dizeli ameshanunua, watu wameshafika shambani, na mwenye shamba anataka matawi yaondoke kabla ya mvua. Lakini kuunga dairekti maana yake ni kuchukua kipande cha waya na kuziunganisha ncha mbili za swichi ya usalama, ili umeme uendelee kupita hata pale swichi inapotaka kuukata. Kazi hiyo siifanyi kwa malipo yoyote. Ninachofanya ni kutafuta kwa nini umeme umekatika, na mara nyingi jibu hupatikana siku hiyohiyo kwa mita ya kupimia umeme ya bei ndogo na subira.

Kwa ambao hawajaiona, chipa ni mashine ya kusaga matawi. Huvutwa nyuma ya gari au trekta, ina injini yake ya dizeli, mdomo mpana wa bati upande mmoja na bomba refu la kutemea upande wa pili. Wilaya ya Mufindi ndiko liliko shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali Tanzania. Ni eneo la misindano na mikaratusi. Nguzo zinakatwa, mbao zinapasuliwa, na nyuma yake yanabaki matawi na mabanzi. Anayeyasaga hupata vipande vya kuchoma kwenye boila, au vya kutandaza chini ya miparachichi ili udongo usikauke. Ni kazi nzuri, na mashine yenyewe naipenda. Ila ni mashine inayovuta kila kinachoingia mdomoni mwake, na haina namna ya kujua kama imeshika tawi au mkono.

Ndani ya mdomo huo kuna rola zenye meno. Zinazungushwa kwa mafuta ya haidroliki, na kazi yake ni kulishika tawi na kulisogeza hadi kwenye visu. Visu vimefungwa kwenye dramu au sahani nzito ya chuma inayozunguka mamia ya mara kwa dakika, na nyingine hupita 1,000. Mashine nyingi za kuvutwa na gari hulivuta tawi kwa mwendo wa mita 30 hivi kwa dakika. Piga hesabu: ni nusu mita kila sekunde. Mkono wa mtu mzima, kuanzia ncha za vidole hadi begani, ni sentimita 70 au zaidi kidogo. Kijitawi kikinasa mkono wa koti, opereta ana sekunde moja na nusu. Muda huo hautoshi kumwita mwenzako, wala mwenzako kukimbilia ufunguo. Unatosha jambo moja tu: kulisukuma kwa paja au nyonga bomba la usalama lililozunguka mdomo wa mashine, umeme ukatike, rola zisimame.

Nchini Marekani, kati ya mwaka 1992 na 2002, wafanyakazi 31 walikufa kwa ajali za mashine hizi. Wengi walinaswa na kuvutwa ndani. Wengine waligongwa, wakiwemo waliogusa kifuniko cha visu kabla sahani haijasimama. Wale walikuwa na mashine mpya kuliko zetu na sheria zinazofuatiliwa. Huku kwetu chipa nyingi zimekuja zikiwa zimeshatumika miaka mingi Ulaya, waya zake zimekauka, maandishi ya onyo yamefutika au yako kwa lugha ambayo opereta haisomi.

Bomba la mdomoni ndilo kifaa cha kwanza ninachokikagua, kwa sababu ndilo pekee ambalo mtu aliyenaswa anaweza kulifikia akiwa peke yake. Lakini haliko peke yake. Kuna kitufe chekundu cha dharura kwenye bati la njano, ambacho ukikibonyeza hubaki ndani mpaka ukizungushe. Kuna swichi ya kifuniko cha visu, inayohakikisha injini haiwaki kifuniko kikiwa wazi. Kwenye mashine nyingi kuna pia kihisi kinachohesabu mizunguko. Gogo nene likiiinamisha injini, kihisi husimamisha rola kwa muda, injini ipumue, kisha rola ziendelee zenyewe. Na kuna swichi za presha ya oili na za joto, ambazo hulinda injini zaidi kuliko mtu.

Ukitaka kuelewa kwa nini mashine hugoma, elewa kwanza vifaa hivi vimeungwaje. Swichi zinazolinda watu zimepangwa katika mstari mmoja: umeme hutoka kwenye betri, hupita fyuzi, hupita kitufe chekundu, hupita swichi ya kifuniko, hupita swichi ya bomba la mdomoni, na mwisho wa safari hufika kwenye koili ya vali ya haidroliki. Mpangilio hutofautiana kidogo kwa kila mtengenezaji, lakini wazo ni hilohilo. Koili ikipata umeme, vali huyaachia mafuta na rola huzunguka. Ikikosa, springi huirudisha vali katikati na rola husimama. Na kila swichi katika mstari huo, ikiwa haijaguswa, ncha zake zimegusana na umeme unapita. Ukiigusa ndipo hukata.

Watu huniuliza kwa nini isiwe kinyume, swichi ipeleke umeme wa kusimamisha pale tu inapobonyezwa. Fikiria waya wake ungekatika wiki iliyopita bila mtu kujua. Mashine ingefanya kazi vizuri siku zote, na siku unayonaswa ungelisukuma bomba na lisitokee lolote. Waliobuni waliliona hilo. Wakaamua kwamba waya ukikatika, fyuzi ikiungua, soketi ikichomoka au panya akitafuna, mashine isimame. Ndiyo maana hitilafu ndogo inakuwa kero kubwa, na ndiyo maana kero hiyo tunapaswa kuivumilia na kuitafutia dawa yake. Mashine iliyosimama inasema kwamba kuna mahali umeme haupiti. Kazi ya fundi ni kupata mahali hapo.

Kabla mita haijatoka mkobani, injini inazimwa na ufunguo unaingia mfukoni mwangu. Hauachwi kwenye swichi, hauwekwi juu ya bati, haukabidhiwi kwa opereta hata awe ndugu yangu. Marekani wana kanuni tangu mwaka 1989 inayomtaka kila anayetengeneza mashine aifungie chanzo cha nguvu kwa kufuli na lebo yenye jina lake. Sisi wenye mashine ya ufunguo mmoja tunaweza kufanya jambo hilo kwa mfuko wa suruali. Kisha nasubiri. Dramu nzito huendelea kuzunguka kwa dakika kadhaa baada ya injini kuzimwa, na mlio wake hufunikwa na kelele za misumeno jirani. Sifungui kifuniko mpaka nimeona mkanda au shafti imesimama kabisa.

Jambo linalofuata ni kuondoa kila waya wa dairekti ulioachwa na waliotangulia. Mara nyingi naukuta. Hapo opereta hukunja uso, maana anaona namrudisha nyuma. Lakini huwezi kuutafuta ugonjwa wa mashine ambayo imezibwa mdomo. Na nimegundua jambo linalonisikitisha kila nikilikuta: mara kwa mara waya ule wa dairekti haukutatua chochote. Mtu aliunga swichi ya bomba, tatizo likabaki. Akaunga ya kifuniko, tatizo likabaki. Akaenda zake, na nyaya zote mbili akaziacha palepale. Mashine bado inagoma, na sasa haina ulinzi.

Chipa moja ya namna hiyo niliitiwa msimu wa baridi, kwenye shamba lililo pembeni ya barabara ya kwenda kwenye mashamba ya chai. Mwenyewe alinieleza dalili kwa makini, na ninamshukuru kwa hilo, kwa sababu dalili iliyoelezwa vizuri ni nusu ya kazi. "Kaka, asubuhi inavuta vizuri. Ikifika saa nne, rola zinalegea, zinasimama. Tukiipumzisha wakati wa chakula, inavuta tena, halafu inasimama." Fundi aliyenitangulia alimwambia kompyuta ya mashine imechoka, aagize nyingine nje kwa fedha nyingi. Wakati wakisubiri, swichi mbili zilikuwa zimeshaungwa dairekti.

Hitilafu inayofuata joto ina tabia yake, kwa hiyo sikuanza na kompyuta. Nilizirudisha swichi mahali pake, nikamwondoa kila mtu karibu na mdomo, nikarudisha ufunguo na kuuzungusha hatua ya kwanza tu, injini ikiwa haijawashwa, ili koili ipate umeme bila kitu kuzunguka. Kwenye mashine ile jambo hilo linawezekana. Waya mweusi wa mita niliubana kwenye kichwa cha hasi cha betri. Nasisitiza, kwenye betri, maana mafundi wengi hugusisha popote kwenye chasi, na chasi iliyopakwa rangi au yenye kutu hudanganya. Halafu nikafuata mstari kwa waya mwekundu. Betri volti 12.4. Baada ya fyuzi, 12.4. Baada ya kitufe chekundu, karibu vilevile. Baada ya kifuniko, vilevile. Baada ya bomba la mdomoni, pungufu kidogo tu. Kwenye koili, 9.7.

Karibu volti 2.7 zilikuwa zimepotea kati ya swichi ya bomba na koili. Katika kipande hicho hakuna swichi wala kompyuta. Kuna waya na soketi moja, iliyofungwa chini ya mdomo, mahali ambapo vumbi la mbao hulowa ukungu na kugeuka uji. Niliifungua nikakuta kutu ya kijani, na waya wa shaba ukiwa umebaki nyuzi chache.

Sasa angalia namna kipande kile kilivyowadanganya watu. Yule fundi wa kwanza aliipima soketi kwa mlio wa mita, ikalia, akasema nzima. Mita inapolia hupitisha umeme mdogo mno, na kwa umeme mdogo hata nyuzi mbili zinatosha. Daraja la mti mmoja humpitisha mtu, lori halipiti. Koili ile ni ya wati 20, inahitaji ampea 1.7 hivi, na ukinzani wake ukiwa baridi ni omu 7 na kidogo. Kutu kwenye soketi ilikuwa imeongeza omu 2. Asubuhi ya baridi, koili ikiwa baridi, umeme uliobaki ulitosha kuishikilia vali. Lakini shaba ikipata joto ukinzani wake hupanda, karibu asilimia 4 kwa kila nyuzi joto 10. Koili iliyofanya kazi kwa saa tatu, pembeni ya mafuta ya haidroliki yenye moto, ukinzani wake ulikuwa umepanda hadi karibu omu 9. Ukijumlisha zile 2 za kutu, umeme unakuwa mdogo, nguvu ya kuishikilia vali inapungua, springi inashinda, rola zinasimama. Wakila chakula koili inapoa. Kompyuta haikuwa na kosa lolote, na zile swichi mbili zilizoungwa dairekti hazikuwa na kosa lolote.

Niliukata waya mpaka kwenye shaba safi, nikafunga soketi mpya yenye mpira wa kuzuia maji, nikapaka grisi ya umeme, nikaihamishia upande wa juu ambako uji wa mbao haufiki. Gharama ya vifaa haikufika hata siku moja ya dizeli.

Kipimo hicho cha volti, mfumo ukiwa unabeba mzigo wake halisi, ndicho ninachowasihi mafundi vijana wakipende kuliko kile cha mlio. Ukiwa na mstari mrefu usianze mwanzo kila mara. Pima katikati: kama umeme upo, tatizo liko mbele, kama haupo, liko nyuma, gawanya tena. Na usisahau njia ya kurudi. Weka waya mweusi kwenye hasi ya betri na mwekundu kwenye mguu wa hasi wa koili ileile, ikiwa na umeme. Inapaswa kusoma karibu na sifuri. Ikisoma volti 1 au 2, ethi yako ni mbovu, na mara nyingi utakuta kuna mtu alichomelea bati, akapaka rangi nzuri, akaurudisha waya wa ethi juu ya rangi. Na kuhusu kuchomelea: kabla ya kuchomelea popote kwenye chipa, ondoa hasi ya betri, chomoa soketi ya kompyuta, na klampu ya ethi ya mashine ya kuchomelea ifungwe karibu na unapochomelea. Kompyuta nyingi zinazohukumiwa kuwa zimechoka ziliuawa siku hiyo.

Kihisi cha mizunguko nacho hulaumiwa sana. Opereta analisha mkaratusi mnene, rola zinasimama, zinaanza, zinasimama. Anasema kuna shoti. Kabla ya kufungua hata skrubu moja, angalia visu. Kisu butu hakikati, kinaponda. Injini inainama, kihisi kinaona, kinafanya kazi kiliyotumwa. Noa visu, safisha filta ya hewa, kaza mkanda, na kwa kiasi kikubwa "shoti" hiyo itaisha. Kwenye baadhi ya mashine mizunguko huhesabiwa kutoka kwenye altaneta, na mkanda wa altaneta ukilegea na kuteleza, kompyuta hudhani injini imechoka wakati inakwenda vizuri. Pale ambapo kihisi kinaitazama boliti inayozunguka, nafasi kati yao ni milimita chache tu, na mtikisiko huilegeza nati ikasogea. Utomvu wa msindano uliochanganyika na chembe za chuma nao hujikusanya usoni pake. Kisafishe, kisha, dramu ikiwa imesimama, gusisha spana ya chuma usoni. Vingi vina taa ndogo mgongoni. Ikiwaka, kihisi ni kizima, rekebisha nafasi kwa kipimo kilicho kwenye kitabu cha mashine.

Swichi ya kifuniko ina ugonjwa wa uchafu na bawaba. Vipande vya mbao hujaa chini ya kifuniko, kikakaa juu milimita mbili tatu, na pini haimfikii mwenzake. Bawaba zikilika, kifuniko huenda upande. Anayetumia nyundo kuupinda mguu wa swichi ili ifikie ameifanya ikubali kifuniko ambacho hakijafungwa. Fagia, kaza boliti, badilisha bawaba. Sina la kuongeza hapo.

Nataka kukaa kidogo kwenye jambo ambalo watu hawaliogopi vya kutosha. Nimesema mfumo umeundwa ili hitilafu iisimamishe mashine. Hiyo ni kweli kwa hitilafu nyingi, si zote. Kitufe chekundu kina vipande viwili: kichwa unachokibonyeza nje, na kijiboksi cha ncha za umeme kilichofungwa nyuma yake. Mtikisiko wa miaka unaweza kukitenganisha kijiboksi hicho na kichwa. Ukibonyeza, kichwa kinaingia, kinabaki ndani, kila kitu kinaonekana sawa, lakini ncha nyuma hazijaguswa na umeme unapita. Kwenye mashine zenye rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, rilei nayo inaweza kuungua ncha zake zikashikana. Swichi zote zikate, rilei yenyewe inaendelea kupitisha. Mashine ya namna hii haisumbui mtu. Inafanya kazi asubuhi hadi jioni, haigomi, mwenyewe anaisifu. Hitilafu yake haionekani kwa kuangalia wala kwa kusikiliza. Inaonekana kwa kujaribu tu.

Kwa hiyo jaribu kila asubuhi, kabla ya tawi la kwanza, mdomo ukiwa mtupu na watu wakiwa mbali. Washa, zungusha rola, simama pembeni, sukuma bomba. Rola zisimame hapohapo, na zisianze tena zenyewe ukiliachia. Zisubiri mtu abonyeze kitufe cha kuanzisha. Sukuma bomba upande wa kushoto, kulia, na chini kama lipo, kwa sababu swichi inaweza kufanya kazi upande mmoja na kukwama upande mwingine. Kisha bonyeza kitufe chekundu, kimoja kimoja kama viko viwili, injini izime. Yote haya ni dakika mbili tatu. Kifaa kimoja kikishindwa, kazi haianzi. Opereta anayejua hivyo na kuruhusiwa kusema "leo hatuanzi" bila kukatwa posho ni ulinzi mkubwa kuliko swichi zote nilizozitaja.

Swichi ikifa kweli, nunua inayofanana kwa kazi, si kwa umbo. Kuna wanaoleta swichi iliyo sawa kwa sura lakini ncha zake hazigusani mpaka ibonyezwe. Hiyo haitafanya kazi, na ndipo mtu hushawishika kuunga dairekti. Angalia alama ya mshale ndani ya duara kwenye mwili wa swichi: maana yake kitufe huzitenganisha ncha kwa nguvu za chuma hata kama zimeshikana kwa kuungua, hakitegemei springi. Angalia pia IP67, kwamba vumbi haliingii na inavumilia kuzama mita 1 ya maji kwa dakika 30. Ni ghali kuliko ile ya dukani ya taa, na inastahili. Hata hivyo usiipige kwa maji ya presha wakati wa kuosha mashine. Soketi, kompyuta na nyuma ya vitufe vioshwe kwa brashi na kitambaa.

Zipo pia chipa za umeme wa laini tatu kwenye viwanda vya mbao. Mantiki ya usalama ni ileile, lakini ndani ya boksi lake kuna volti 400, na hapo siwashauri wasomaji wajaribu lolote zaidi ya kuangalia kama kifuniko kimefungwa na kitufe chekundu kimeachiwa. Laini moja ikikatika, rilei ya kulinda laini huizuia mota isiwake, na mafundi wa mtaani huiunga hiyo nayo dairekti. Mota huungua muda si mrefu. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ahakikishe mitambo yake ni salama kwa wanaoitumia. Mwajiri huyo ni pamoja na wewe mwenye chipa moja na vibarua wanne wa siku. Mtu akinaswa na mashine ambayo swichi yake imeungwa waya, waya huo utaonekana, na hakuna atakayeuliza siku ile dizeli ilikuwa bei gani.

Ninachowaomba wenye mashine si kikubwa. Nunueni mita. Wekeni akiba ya swichi moja ya bomba, kitufe kimoja chekundu, rilei mbili na fyuzi. Anayelisha matawi asivae glovu zenye mikono mipana, kamba za wapanda miti zisiachwe karibu na mdomo, na mtu asimame pembeni, asisimame mbele. Opereta akikuambia mashine inajizima, mwamini, simamisha kazi, mlipe siku yake, na uite fundi. Na fundi akishuka kwenye pikipiki akiwa ameshika kipande cha waya badala ya mita, mlipe nauli ya kurudi na utafute mwingine.